Mguu wa Makena Kwenye Breki

Usiku ule Makena hakulala, alijinyoosha tu. Kitanda chake kilikuwa nje, kimeegemezwa ukutani, kama vitanda vingi vya Lodwar wakati joto linapokataa kutoka ndani ya nyumba. Kutoka pale alisikia kila gari lililoingia mjini kwa barabara ya Kakuma. Magari aliyajua kwa sauti. Lori tupu hupiga kelele za mabati, na lori lenye mzigo huguna. Pikapu yake mwenyewe ilikuwa na kikohozi kidogo kila ilipoingizwa gia ya pili penye tuta la karibu na kanisa. Kikohozi hicho ndicho alichokuwa akikisubiri, na hakikuja.

Binti yake Sally alikuwa ameondoka asubuhi na magunia ya samaki wa chumvi kuwapeleka Kakuma. Ilikuwa arudi kabla ya jua kuzama. Jua lilizama, simu yake ikawa haipatikani, na yule mwanamke wa kwenye simu akaendelea kumwambia Makena ajaribu tena baadaye, kwa sauti ya mtu asiye na mtoto njiani.

Mumewe, Cheruiyot, alikuwa Namoruputh kuchanja mbuzi wa watu, mahali ambapo mtandao hupatikana kwa kupanda kilima. Makena alishukuru kwamba hapatikani. Angempigia, naye angemwambia, "Lala, mama, asubuhi utajua," na hakuna neno lililomuudhi katika ndoa yao yote kama hilo la kuambiwa lala.

Basi akahesabu mabaya moja moja, kama afanyavyo mtu aliyezoea kuogopa. Labda ni tairi. Labda mvua imenyesha mlimani na laga, lile korongo la mchanga, limejaa maji. Labda ni wezi. Kila alilolitaja alilitafutia dawa: tairi hubadilishwa, laga hukauka, wezi wachukue samaki waondoke. Moja tu hakulitaja, na kwa sababu hakulitaja, lilikaa hapo kando ya kitanda usiku kucha likimtazama. Breki.

Alikuwa na sababu. Alipokuja Turkana mara ya kwanza, akiwa mke mchanga aliyetoka Meru, aliyeachia shule darasa la sita, Sally alikuwa mgongoni bado hajatambaa. Basi walilopanda lilikatika breki likiteremka milima ya Marich. Halikuanguka. Dereva alilisugua ubavuni mwa mlima mpaka likasimama, watu wakashuka wakicheka na kutapika. Lakini Makena aliisikia ile harufu ya chuma kilichoungua, na tangu siku ile, kila alipopanda gari, aliketi karibu na mlango na kukanyaga sakafu kwa mguu wa kulia, kana kwamba pana pedali pale chini yake. Baadaye hata kupanda alipunguza. Samaki alinunua kwa simu kutoka kwa kina mama wa Kalokol na Longech, kule ziwani, wakaletwa na malori. Na pikapu ilipopatikana, baada ya miaka mingi ya kuuza sokoni, aliizunguka, akaiombea, akaipaka mafuta ya mzeituni kwenye boneti. Ndani hakuwahi kuketi. Sally aliendesha. Makena alisimama getini na kuomba. Walikuwa wamegawana kazi hivyo.

Kulipopambazuka, simu ikalia. Alikuwa Clotilde, Mkongomani mwenye kibanda cha chakula Kakuma, mteja wake wa samaki na rafiki yake wa simu, kwa kuwa hawakuwahi kuonana uso kwa uso.

"Mama Sally, tulia roho," Clotilde alisema. "Mutoto yako iko hapa kwangu. Analala. Telefone yake ilikufa moto, na mimi sikukuwa na kredi mpaka sasa."

"Ameumia?"

"Hapana kuumia. Ni gari ndiyo ilikataa kusimama. Aliipeleka kwenye muchanga ya laga, ikachoka yenyewe. Alikuja hapa, akakula sombe ya majani ya muhogo sahani mbili, akalala."

"Sahani mbili?"

"Na samaki juu."

"Basi ni mzima," Makena alisema. Akaketi chini pale pale mchangani.

Adhuhuri lori lililokuwa likirudi tupu kutoka Kakuma likasimama nje ya geti lake. Juu yake, imefungwa kamba pande zote kama ng'ombe wa mnada, ilikuwapo pikapu yake, na ndani ya pikapu, nyuma ya usukani, ameketi Sally, kana kwamba ndiye anayeendesha.

Majirani walitoka wote.

"Nilimtuma mtoto aendeshe gari," Makena aliwaambia, "sasa gari limerudi likiwa abiria."

Lori lilirudi nyuma mpaka penye tuta la udongo, wanaume wakaiteremsha pikapu kwa kamba, mawe yakisogezwa chini ya magurudumu, wakaisukuma mpaka uani. Makena alimshika binti yake mabega, akamgeuza huku na huku kama anayekagua nyanya, akamwona hana hata mkwaruzo. Ndipo alipokasirika.

"Nitaliuza," alisema.

"Utauza nini?"

"Hilo. Atakayelinunua alifanye banda la kuku."

"Na samaki watakwenda Kakuma kwa miguu?"

"Samaki hawana mama. Wewe unaye."

Sally alicheka, kisha akaona mama yake hacheki, akaacha. Alikuwa msichana mrefu mwenye mikono ya baba yake. Alisomea umakanika hapa hapa Lodwar, katika darasa lenye wavulana watupu, na kitu alichokipenda duniani ni ile barabara. Akiwa kwenye usukani hakuwa mtoto wa mtu. Makena alilijua hilo. Ndiyo maana neno la kuuza gari alilisema akitazama kando.

"Mama, nisikilize," Sally alisema. "Njoo uone."

Akalala chali chini ya pikapu upande wa nyuma, mama yake akachuchumaa. Pale chini palipita bomba jembamba la chuma, unene wa bua la mtama mchanga, likipeleka mafuta ya breki kwenye gurudumu la nyuma kushoto. Mahali pamoja lilikuwa limeoza, jekundu, lina maganda maganda, na katikati ya uozo palikuwa na ufa.

"Chumvi hiyo," Sally alisema. "Maji ya samaki. Tunapanga magunia upande huu kila siku, yanadondoka hapa hapa. Na gari hatulioshi."

"Maji yenyewe ya kunywa tunayapigania, nioshe gari?"

"Sijasema kosa ni lako. Nasema ni samaki."

"Samaki hao ndio waliokusomesha."

"Na ndio waliotaka kuniua," Sally alisema. Kisha akaona uso wa mama yake, akaongeza upesi, "Kidogo. Breki za mbele zilikuwa zinashika kidogo, kama mtu anayeshika sufuria ya moto. Yule fundi wa barabarani tuliyempelekea gari mara ya mwisho alijaza mafuta juu akatuambia imekwisha. Hewa iliyokuwa ndani aliiacha humo humo."

Hapo walibishana, chini ya gari wakiwa wawili, mpaka wakafikia makubaliano. Sally angeweka bomba jipya na kuitoa hewa yeye mwenyewe, hapa uani, mbele ya macho ya mama yake. Breki zikikataa, gari linauzwa na hasemi neno. Zikishika, anarudi barabarani na mama yake hasemi neno. Makena alikubali kwa sababu hakuamini kwamba zitashika.

Asubuhi iliyofuata Sally alikwenda mjini kwa bodaboda na bomba bovu mkononi, akarudi na jipya la kufanana nalo, na mkebe wa mafuta ya breki uliofungwa. Akalifunga bomba. Akayaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, akaiinua pikapu nyuma kwa jeki, akaweka magogo chini ili isianguke. Makena aliyatikisa yale magogo kwa mkono wake. Akayatikisa tena.

"Sasa panda," Sally akamwambia.

"Nipande wapi?"

"Kwenye kiti cha dereva. Kazi hii ni ya watu wawili. Mmoja kanyaga, mmoja fungua."

"Tafuta mtu mwingine."

"Nimtafute nani atakayeogopa vizuri kama wewe? Panda, mama. Gari liko juu ya magogo, litakupeleka wapi?"

Makena akavua kandambili, akajifuta miguu kwa leso, akapanda. Ndiyo mara ya kwanza kuketi ndani ya gari lake. Kiti kilinuka samaki na lile jasho la binti yake. Upande wa kushoto palikuwa na mlango ulioharibika, usiofunguka kwa nje mpaka mtu aliye ndani aufungue. Alitazama chini, akaziona pedali tatu.

"Ya katikati," Sally alisema. "Pampu."

Akakanyaga. Mguu ulizama kana kwamba amekanyaga tope la ufukoni Kalokol. Ulikwenda mpaka chini bila kukutana na mtu.

"Mungu wangu! Na hivi ndivyo ulivyokuwa ukiendesha?"

"Ndiyo hewa hiyo. Mafuta hayabonyei, mama. Hewa hubonyea. Ukikanyaga, nguvu yako yote inakwenda kuibana hewa, gurudumu halipati habari."

Makena alifikiri kidogo. "Kama bomba letu la maji," alisema. "Maji yakikatika siku nyingi kisha yarudi, bomba linakohoa na kutema mate kwanza."

"Hivyo hivyo. Unaliacha likohoe mpaka maji yaje mfululizo. Sasa tutazikohoza breki."

Sally alianza na gurudumu lililo mbali zaidi na kikopo cha mafuta ya breki kilicho mbele penye injini, yaani la nyuma kushoto. Pale nyuma ya gurudumu palikuwa na nati ndogo yenye tundu. Akaichomekea mpira mwembamba unaoonyesha ndani, na ncha ya pili ya mpira akaitumbukiza katika chupa ya soda yenye mafuta kidogo chini. Akashika spana.

"Pampu. Pampu. Tena. Sasa shika! Usiachie mpaka niseme."

"Nimeshika."

Sally akalegeza nati. Makena akausikia mguu wake ukishuka wenyewe, na huko nyuma chupa ikatoa sauti ya mtoto anayecheza na uji.

"Yanatoka mapovu! Shikilia hapo chini. Nafunga... nimefunga. Achia."

Wakarudia. Pampu, shika, achia. Sally alikuwa akiinuka kila baada ya muda kwenda mbele kuongeza mafuta kwenye kikopo, kwa maana kikiisha kitavuta hewa kutoka juu na kazi yote irudi mwanzo. Makena alianza kupata mwendo wake, kama wa kutwanga. Aliona hata anaupenda kidogo. Mapovu yakapungua. Sally akasema kwa sauti ya furaha, "Bado kidogo. Shika!"

"Nimeshika."

Nati ikafunguliwa, mguu ukashuka mpaka sakafuni, na wakati ule ule geti likalia na sauti ikasalimu, "Ejok!"

Alikuwa Nawoi, na gunia la makaa kichwani.

Hapa sharti ielezwe Nawoi alikuwa nani kwa Makena. Mwaka ule alipofika, mgeni asiyejua hata neno moja la Kiturkana, Nawoi alipita penye meza yake ya nyanya, akamsalimu, naye Makena akaitikia akiwa ameketi, macho yakiwa kwenye mizani. Mama yule aligeuka akaenda zake, na kwa muda mrefu hakumpitia. Jirani ndiye aliyemweleza kosa lake. Makena akamfuata mpaka kwake, akasimama, akatoa mkono, akauliza watoto, akauliza mbuzi, akauliza mvua. Tangu siku ile wakawa ndugu. Nawoi alimbebea Sally, akamletea maji kabla hajajua yanapochotwa. Na tangu siku ile Makena hakuwahi kumsalimu Nawoi akiwa ameketi.

Basi hakufikiri. Aliinuka, akateremka garini, akanyoosha mkono. "Ejok-noi, dada yangu! Watoto hawajambo?"

Nyuma ya gari chupa ilikoroma. Mapovu yaliyokuwa yakitoka yaligeuza njia, na hewa ikanyonywa kupitia nati iliyo wazi, ikarudi nyumbani kwake.

"Mama! Umeachia!"

"Nilikuwa nasalimia."

"Unasalimia kwa mguu?"

"Ndiyo," Nawoi alijibu kwa niaba yake, akitua makaa. "Mtu nasimama na miguu. Wewe nasimamanga na nini?"

Sally alitoka chini ya gari, mashavu yamerukiwa na mafuta, akawa hajui acheke au alie. Makena alikimbia kuleta maji na sabuni, kwa kuwa alikuwa ameambiwa mafuta yale ni makali kwa ngozi na hubambua hata rangi ya gari. Alimwosha binti yake uso mwenyewe, kama zamani, akisema pole, pole, mama, pole. Sally alimwacha amwoshe.

Nawoi aliizunguka pikapu, akaitazama ilivyonyanyuliwa nyuma. "Gari nagonjwa nini?"

"Ina hewa ndani," Makena alimwambia. "Nisipoitoa, Sally haendi tena Kakuma. Na nikiitoa anakwenda."

"Na wewe nataka gani?"

Makena alikuwa hajajiuliza swali lenyewe kwa maneno machache hivyo.

Nawoi hakungoja jibu. Alichukua mtungi mtupu wa maji, akaugeuza kichwa chini karibu na geti, akaketi juu yake, fimbo magotini. "Rudi kwa gari," alisema. "Salamu ya leo yote mimi ndio nachukua."

Wakaanza upya. Pampu, shika, achia. Watu walikuwa wakipita, kama kawaida ya asubuhi, na Nawoi alikuwa akiwasalimu wote, akitaja watoto wa Makena, mbuzi wa Makena ambao hakuwa nao, na afya ya Makena, kwa kirefu, bila kuacha kitu. Nyuma kushoto pakaisha. Wakahamia nyuma kulia, kisha wakaishusha pikapu, wakaiinua mbele.

Wakiwa gurudumu la mbele kushoto, alifika Mchungaji Kamande, aliyekuwa amesikia kwamba gari la Mama Sally lilirudi juu ya lori, akaja kumfariji.

"Simama hapo," Nawoi akamwambia. "Leo huyu mama hapana salimiwa."

"Kuna mgonjwa?"

"Iko."

"Pole sana! Nani?"

"Gari. Tumbo yake iko na hewa."

Makena, mguu sakafuni, nati ikiwa wazi, alihisi goti likitaka kunyooka lenyewe. Kumwacha mchungaji amesimama getini kama mwuza karanga! Alishika usukani kwa mikono miwili, akapiga kelele bila kugeuza shingo, "Bwana asifiwe, Mchungaji! Nisamehe, siwezi kuinuka, nimeshika breki!"

"Amina! Shikilia tu, Mama Sally! Mimi nangoja!"

"Nafunga," Sally alisema kule chini, na sauti ilionyesha kwamba anacheka. "Nimefunga. Achia. Sasa nenda ukamsalimie kabla hujapasuka."

Akaenda, wakasalimiana, mchungaji akapewa kiti na chai, na akabaki. Hakuna aliyetaka kuondoka kabla ya kuona mwisho.

Gurudumu la mwisho lilipokwisha, Sally alijaza kikopo mpaka kwenye alama, akakifunga, akawasha injini. "Kanyaga sasa."

Makena akakanyaga. Pedali ilishuka kidogo, kisha ikakutana na kitu kigumu, kigumu kama kukanyaga kizingiti. Alisukuma. Haikwenda.

"Imeshika," alisema polepole.

"Si nilikwambia? Shuka, tumemaliza."

"Ngoja."

"Mama, imeshika."

"Nimesema ngoja."

Hakuondoa mguu. Wengine wangekanyaga mara moja na kushuka, lakini Makena hakuwa mtu wa kuliamini jambo kwa mara moja. Alikaa pale, mguu umebana, injini ikinguruma, mchungaji akikoroga chai. Naye akahisi kitu. Kidogo sana, kama mkate unavyozama ukiushika kwa kidole.

"Inazama."

"Haiwezi kuzama."

"Sally, inazama. Mguu ni wangu."

Sally akaingia chini ya gari na kitambaa cheupe, akakipitisha kila mahali palipo na kiungo. Kwenye kiungo cha bomba jipya, kitambaa kikatoka na doa. Tone moja lilikuwa likijikusanya pale, taratibu, na vumbi lilikuwa limeshaanza kulishika. Alilifuta, likarudi.

"Sikulikaza vya kutosha," alisema. "Ungeshuka nilipokwambia, nisingeliona."

Akalikaza. Wakarudia kutoa hewa kwenye gurudumu lile, ili wasibaki na shaka. Kisha Makena akakanyaga tena na kushikilia. Nawoi alianza kisa cha ngamia wa mjomba wake aliyekataa kuvuka laga kwa kuwa alimwona mwenye laga, pepo wa mahali pale, kisa kirefu chenye kuimbwa katikati, na Makena alishikilia kuanzia ngamia alipozaliwa mpaka alipouzwa. Pedali haikuzama.

"Sasa," alisema akishuka, goti likimuuma kwa raha, "nione likisimama."

Alikwenda jikoni, akaleta karai lake jipya la kufulia, lile la buluu alilolipenda, akaliweka katikati ya kichochoro kirefu nje ya geti. "Ukiligonga karai langu, gari linauzwa."

Sally aliishusha pikapu, akaondoa mawe, akairudisha nyuma mpaka mwisho wa kichochoro. Alianza polepole, akasimama mbali. Akarudi, akaja kwa mwendo zaidi, akasimama. Mara ya mwisho alikuja na gia ya pili, kile kikohozi kikasikika, vumbi likainuka, mchungaji akafumba macho. Makena hakufumba. Pikapu ilipiga pua chini, ikakaa kimya, na karai likabaki mahali pake, vumbi tu limelijaa.

Nawoi alilitazama karai, akaitazama pikapu. "Imenusa, imekataa," alisema. Mchungaji akacheka mpaka chai ikamwagika.

Jioni ile Makena alipika githeri kwa wingi, wakala wote uani, na Cheruiyot akapiga simu kutoka juu ya kilima chake, akaelezwa yote, akasema, "Basi usiku huu utalala." Ajabu ni kwamba hakumuudhi, na ajabu zaidi, alilala.

Kesho yake walipakia samaki wa Clotilde. Makena alitandika turubai chini ya magunia, akazikunja kingo zake juu ili chumvi isipate pa kupita, na magunia akayapanga katikati. Sally aliingia, akawasha injini, akakanyaga breki mara mbili kwa mazoea mapya, akangoja mama yake asimame getini aombe, kama siku zote.

Makena alisimama getini. Alifumba macho, akaanza maneno yale yale, na akaona leo hayafiki mbali. Alikuwa ameahidi kutosema neno, na hakusema. Lakini lile swali la Nawoi lilikuwa limelala naye na kuamka naye: na wewe nataka gani? Hakutaka gari liuzwe. Hakutaka Sally akae nyumbani akimtazama kwa macho ya mbuzi aliyefungwa. Alichokuwa hataki ni kile kitanda cha nje, na kuhesabu magari. Na breki hizi alizijua. Alizijua kwa unyayo wake kuliko alivyozijua mtu mwingine yeyote Lodwar.

Akaenda ndani, akatoka na leso ya pili na chupa ya maji. Nawoi alikuwa akipita na makaa, naye Makena akatua vitu chini, akampa mkono, akauliza watoto, akauliza mbuzi, akamwachia ufunguo wa geti. Kisha akauzunguka ubavu wa pikapu mpaka upande wa kushoto na kuvuta mkono wa mlango. Haukufunguka. Alisahau kwamba kwa nje haufunguki. Akagonga kioo.

Sally aligeuka. "Umesahau nini?"

"Sijasahau kitu. Nami nataka kuionja hiyo sombe ya Clotilde."

Sally alimtazama mama yake kupitia kioo chenye vumbi, leso mbili begani, chupa ya maji kifuani, mguu wa kulia umeshatangulia mbele ya wa kushoto. Hakucheka. Akainama juu ya kiti, akavuta komeo kwa ndani, akausukuma kwa kiganja, na mlango ukafunguka.